Matembe saba na siku fupi

Kwenye mlango wa banda langu la kuku, upande wa ndani, kuna mstari wa namba za penseli. 18, 19, 20, 21, zinashuka hivyo mpaka 26, niliyoiandika juzi. Kila namba ni wiki moja ya umri wa matembe wangu saba. Nilianza kuziandika wiki ile ambayo mchana ulikuwa mfupi kuliko siku zote za mwaka, nikiamini kwamba mstari hautafika mbali. Kuku wengi wa mayai wa kisasa huanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 22. Nikahesabu vidoleni, nikafagia viota, nikamwaga maranda mapya, nikangoja.

Neno tembe silisikii sana siku hizi. Wengi husema "kuku ambaye hajaanza kutaga", maneno manne kwa kiumbe ambaye Kiswahili kilishampa jina lake. Tembe si kifaranga tena. Ameota manyoya yake yote, anakula kama mkubwa, analala juu ya fito pamoja na wenzake. Ila hajatetea. Siku akianza kutaga anakuwa mtetea, na banda zima litajua, kwa sababu ile kelele yake haifichiki. Mimi majira yote haya ya baridi nimeishi katikati ya majina hayo mawili.

Wawili ni wa aina ya Leghorn, weupe: Chumvi na Karatasi. Watatu ni Rhode Island Red: Hina, Tofali na Kutu. Wawili wa mwisho ni Orpington wa rangi ya mchanga, Mto na Blanketi, wana manyoya mengi kiasi kwamba ukiwabeba unautafuta mwili ndani yake kwa mikono. Wote walitotolewa siku moja, mwishoni mwa kiangazi. Na huko mwishoni mwa kiangazi ndiko kuchelewa kwao kulikoanzia.

Kuku anaishi kwa mwanga. Haupokei kwa macho peke yake. Mwanga hupenya fuvu hadi ndani ya ubongo, na huko kuna chembe zinazopima urefu wa mchana. Hata kuku kipofu huitikia. Kipimo kikitosha, ubongo hutoa homoni, na homoni huiamsha ovari. Karibu na Ikweta, ambako mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, tembe hana mengi ya kupima. Lakini kwenye latitudo ya nyuzi 50, mchana wa kiangazi hufika saa 16 na ule wa katikati ya baridi hushuka hadi 8. Na tembe hapimi urefu tu, anapima pia mwelekeo: mchana unaorefuka humharakisha, mchana unaofupika humchelewesha. Kifaranga aliyetotolewa siku zikiwa zinarefuka hukomaa mapema. Wangu wamekua wakati kila jioni ilikuwa inaikata siku kidogo. Wameujua ulimwengu unaofungwa tu.

Katikati ya baridi walikuwa wanashuka kwenye fito saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri wameshapanda tena, wamejipanga bega kwa bega, Blanketi katikati kwa sababu kila mtu anataka kulala karibu naye. Saa 16 za giza. Nilikuwa nikisimama pale mlangoni na tochi, nikiwasikia wakinong'onezana ile sauti ya chini ya kuku wanaotafuta usingizi, nikaona kwamba mwili wa kiumbe anayepata mchana mfupi namna ile una kila sababu ya kutokuwa na haraka.

Kila anayejua kwamba nafuga huniuliza: mbona huwawashii taa? Taa inafanya kazi, sibishi. Balbu ndogo inayowaka alfajiri kabla ya jua, ukaongeza nusu saa kila wiki hadi mwanga wa siku nzima ufike saa 14 au 15, itawaamsha. Na iwe alfajiri, si jioni, kwa sababu taa ikizimika ghafla usiku kuku wanabaki sakafuni, hawaoni pa kupanda. Wako wafugaji makini wanaofanya hivyo na kuku wao wako salama kabisa. Mimi nina sababu yangu.

Miaka mitatu iliyopita, kundi langu la kwanza, nilifunga balbu nikaiacha iwake hadi saa sita za usiku, tangu matembe wakiwa na wiki 13. Sikumuuliza mtu. Wakaanza kutaga katika wiki ya 16 na mimi nilifurahi kwa siku tatu. Siku ya nne nilimkuta mmoja wao, mdogo, wa kijivu, amejibana pembeni mwa banda na manyoya yake yamesimama. Alikuwa ametaga yai kubwa, la viini viwili, na mrija wa mayai ulikuwa umetoka nje pamoja nalo. Nyama mbichi, nyekundu, inang'aa. Wenzake walikuwa wameshaanza kuidonoa. Kuku akiona kitu chekundu hukidonoa. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu, nikamtenga kwenye boksi gizani, nikairudisha ile nyama ndani kwa kidole nilichokipaka mafuta. Ikarudi. Ikatoka tena. Usiku wa pili alikufa akiwa amepakatwa mapajani kwangu. Mwanga ulikuwa umeiamsha ovari kabla nyonga yake haijapanuka, na mwanga ule niliuwasha mimi. Kwa hiyo safari hii nimeamua kwamba jua litafanya kazi yake lenyewe, hata kama litachelewa.

Lakini kuamua kungoja ni kitu kimoja, na kungoja kwenyewe ni kingine. Katika wiki ya 20 na ya 21 nilikuwa nafungua viota mara nne, mara tano kwa siku. Niliweka yai la mti katika kila kiota ili wajue mahali panapofaa. Mara mbili nililiona lile yai la mti kwa pembe ya jicho, moyo ukaruka.

Ndipo jirani yangu, bibi ambaye amefuga kuku tangu kabla sijazaliwa, aliponikuta nimeinamisha kichwa ndani ya kiota.

"Mwanangu, unatafuta nini humo?"

"Bibi, hii ni wiki ya 21."

"Wiki unazihesabu wewe. Yeye hazijui. Toa kichwa humo, umtazame kuku."

Akamchukua Hina, akambana kwapani kichwa kikiwa nyuma, taratibu sana, Hina hata hakupiga kelele. Akanionyesha mifupa miwili myembamba ya nyonga, mmoja kila upande wa tundu la kutagia. Akaweka kidole. Kilienea kimoja tu, tena kwa kubanwa. Vikienea viwili, akasema, anakaribia. Vikienea vitatu, anataga. Tundu lenyewe lilikuwa dogo, kavu, limekazwa kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. La anayetaga huwa pana, lenye unyevu. Kisha akamgeuza tukamtazama usoni. Upanga wa Hina, ile nyama ya utosini, ulikuwa mfupi, wa waridi iliyofifia, na ndevu zake mbili zilikuwa bado ndogo kama punje za kunde. "Huyu bado mtoto," akasema, akamweka chini.

Tangu siku hiyo niliacha kufungua viota mchana kutwa. Nikaleta kigoda, nikawa nakaa bandani robo saa kila siku, saa sita, wakati jua dogo la baridi linaingia kwa dirisha la kusini. Na huko ndiko nilikogundua kwamba kulikuwa na mambo mengi yakiendelea, ila si mahali nilipokuwa natazama.

Chumvi ndiye aliyetangulia. Wiki ya 22 upanga wake uliinuka. Wiki ya 23 ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, na kabla wiki ya 24 haijaisha ulikuwa mrefu kiasi kwamba ulilala upande mmoja na kumfunika jicho la kushoto, kama ulivyo wa Leghorn majike wengi waliokomaa. Akawa anainamisha kichwa ili anione. Karatasi, dada yake, alikuwa nyuma yake kwa siku kama kumi. Wekundu huo si pambo. Ovari ikishaamka hutoa homoni zake, na hizo ndizo zinazoukuza upanga na kuutia wekundu, kwa hiyo kumtazama tembe usoni ni kusoma kinachotokea tumboni. Viini huwa vimekaa ndani ya ovari kama shada la zabibu, vingine bado vidogo mno, vingine vimeanza kujaa rangi. Kiini kimoja huchukua kama siku kumi kukua kutoka kidogo sana hadi ukubwa wake kamili. Kikiachiliwa kinaingia mrijani, kinavikwa ute, kinavikwa ngozi, kisha kinakaa kama saa 20 kikijengewa ganda. Safari nzima ya mrija ni saa 24 hadi 26. Nilipokuwa nainama kwenye kiota kitupu nikinung'unika, ndani ya Chumvi foleni ilikuwa imeshapangwa.

Na hata mifupa inajiandaa. Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalisi, na tumbo pekee haliwezi kuzileta zote usiku mmoja. Basi wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, tembe huanza kuweka akiba ya kalisi ndani ya mifupa yake mirefu, mfupa wa pili ndani ya mfupa. Jambo hili hunigusa kila nikilifikiria. Anajenga ghala mwilini mwake kwa ajili ya kitu ambacho hajawahi kukifanya na hajawahi kukiona kikifanywa.

Kwa sababu hiyo sikubadilisha chakula mapema. Chakula cha kuku wanaotaga kina kalisi nyingi, asilimia 3.5 hadi 4, na figo za tembe mdogo huumia zikilazimika kuitoa asiyoihitaji. Niliendelea na chakula cha kukuzia mpaka nilipoona dalili ya kuchuchumaa. Dalili hii ukiiona mara moja huisahau. Unapeleka mkono juu ya mgongo wake, na badala ya kukimbia kama alivyofanya tangu utotoni, anasimama, anakunja miguu, anatandaza mabawa kidogo, anatulia chini ya kiganja chako. Anajiweka kwa jogoo, ingawa jogoo hayupo. Chumvi alinichuchumalia kwa mara ya kwanza katika wiki ya 24, siku yenye upepo mkali, nilipokuwa nimeinama kuokota bakuli. Nikabaki nimeinama vile vile, mkono mgongoni pake, sitaki kumshtua. Kesho yake nilianza kuwachanganyia chakula cha kutagia kidogo kidogo, na pembeni nikaweka bakuli la maganda ya chaza yaliyopondwa, kila mmoja ajichotee anavyohitaji. Chumvi aliyashambulia. Blanketi aliyadonoa mara moja, akayaacha.

Baridi yenyewe haikuwa adui mkubwa nilivyoogopa. Kuku mwenye manyoya makavu na tumbo lililojaa huivumilia vizuri. Unyevu ndio mbaya. Nilipoziba matundu yote ya juu ya banda wakati wa theluji ya kwanza, asubuhi nilikuta kuta zinatiririka maji na ncha ya upanga wa Karatasi imekuwa nyeupe. Nikayafungua yale ya juu kabisa, chini ya paa, ambako hewa hupita bila kuwapiga waliolala, na upanga wake nikaupaka mafuta ya mgando kila jioni yenye baridi kali. Ncha ilipona, ikabaki na kovu jeusi dogo. Maji ndiyo yaliyonichosha. Robo tatu ya kilichomo ndani ya ganda ni maji, na kuku asiyekunywa hatagi. Nina vyombo viwili: kimoja bandani, kingine jikoni kinayeyuka, nabadilishana asubuhi, mchana na kabla ya giza. Vidole vyangu vimepasuka. Sijali.

Wiki ya 25, asubuhi ya nyuzi 9 chini ya sifuri, niliingia na maji kama kawaida. Sikutazama viotani. Nilikuwa nakwangua ubao wa chini ya fito, kinyesi kimeganda kama mawe, ndipo nikaona jiwe moja jeupe kupita kiasi.

Lilikuwa yai. Chumvi alilitaga usiku akiwa juu ya fito, hakushuka, labda hakujua ni nini kinachomtoka. Lilikuwa limepasuka kwa urefu, kutoka ncha hadi ncha, ute ulipoganda na kuvimba, na katika ufa huo barafu ilikuwa imechomoza kama ukingo wa kioo. Upande mmoja kulikuwa na mchirizi mwembamba wa damu iliyokauka, jambo la kawaida kwa yai la kwanza. Lilikuwa jepesi mno mkononi. Nililivika leso, nikalipeleka ndani, nikaliweka kwenye kisahani juu ya meza. Saa moja baadaye ute ukaanza kutoka kwenye ufa, lakini kiini hakikutiririka. Kiini kikishaganda hakirudi kuwa maji. Kilikaa pale kizima, mviringo, kizito kama gundi, rangi ya manjano iliyokolea. Lilikuwa haliliki. Nilikaa nalo mezani mpaka chai yangu ikapoa. Nilijisikia furaha na uchungu kwa pamoja, maana alifanya kazi ya wiki 25 na baridi ikaichukua kabla mimi sijaamka.

Nilimfuata bandani nikamshika. Vidole viwili vilienea vizuri katikati ya mifupa, cha tatu karibu kiingie.

Nikatundika kipande cha gunia mbele ya kila kiota ili ndani kuwe na giza kidogo, kuku anapenda kujificha akitaga. Nikaongeza maranda hadi kina cha kiganja. Siku moja ikapita bila kitu. Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye kigoda, na Chumvi akaanza kutembea tembea. Anaingia kiota cha kwanza, anatoka. Cha pili, anatoka. Anarudi cha kwanza. Sauti yake ilikuwa mpya, ndefu, ya kuuliza, inapanda mwishoni, na wale wengine sita wakaacha kuparura wakamtazama. Hatimaye akaingia kiota cha tatu, gunia likajifunga nyuma yake. Nikamsikia akiyapanga maranda, anayavuta kwa mdomo, anayatupa mgongoni. Kisha kimya. Dakika ishirini na tano nilihesabu kwa saa yangu, miguu imekufa ganzi, sikuthubutu kusogea.

Alitoka akatetea. Akasimama kwenye kizingiti cha kiota, upanga umemfunika jicho, akapiga ile kelele yote, ka-ka-ka-kaa, tena na tena, na Hina akaanza kumjibu, na Tofali, hata Mto ambaye huwa hasemi.

Nilivua glovu nikapenyeza mkono nyuma ya gunia. Lilikuwa bado lina unyevu. Yai linapotoka huwa limefunikwa utando mwembamba wenye majimaji unaoziba vitundu vya ganda, na ukiwa karibu vya kutosha unaweza kuuona ukikauka. Niliuona. Mng'ao ulianza kuondoka kwenye ncha nene, ukarudi nyuma taratibu kama maji yanayokupwa, na chini ya dakika moja ganda lote lilikuwa jeupe lisilong'aa. Lilikuwa na joto lililoingia hadi kwenye mifupa ya vidole vyangu vilivyopasuka. Nilimwita bibi kwa juu ya uzio. Akaja na shuka lake mabegani, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka shavuni.

"Hongera," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa amemgeukia Chumvi.

Mizani ilisema gramu 41. Yai la kuku mkubwa hufika 60 na zaidi. Hili lilikuwa dogo kama linavyotakiwa kuwa kwa mwili unaojifunza. Juzi nimeandika 26 mlangoni, na pembeni yake nikachora kiduara kimoja, jana cha pili. Hina ana vidole viwili sasa na upanga wake umeanza kuiva. Kutu alinichuchumalia leo asubuhi, nusu, kisha akabadili nia akakimbia. Mchana umefika karibu saa 10 na unaongezeka dakika chache kila siku.

Mto na Blanketi bado. Orpington ni kuku wazito, huchukua muda wao, pengine wiki ya 28, pengine ya 30 au zaidi. Upanga wa Blanketi ni wa waridi iliyofifia, na nikiweka mkono mgongoni pake anasogea pembeni kwa adabu. Jioni hii nilikaa naye kidogo kwenye kigoda, amejaa mapajani kwangu kote, nikaweka kidole kimoja katikati ya mifupa yake. Kilienea kwa kubanwa. Nikamrudisha kwenye fito, katikati ya wenzake, nikachukua chombo cha maji kilichoanza kuganda nikaenda nacho jikoni.